Maswali na Majibu: Muziki, Akili na Mkono Ulioshika Kitufe

Nina mimba ya miezi saba. Jirani ananishauri niweke spika tumboni nimpigie mtoto muziki wa Mozart ili azaliwe na akili nyingi. Nianze na dakika ngapi kwa siku? – Mama Kijacho, Njiro

Usianze. Swali hili linarudi kila mara, tulimalize leo. Utafiti unaosemwa ulichapishwa mwaka 1993 katika jarida la Nature, na waliopimwa walikuwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu huko California. Walisikiliza Mozart kwa dakika 10, wakafanya vizuri zaidi katika maswali ya maumbo, na baada ya robo saa hivi faida ikayeyuka. Hakuna mtoto mchanga aliyepimwa, sembuse wa tumboni. Hata hivyo, mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, aliomba fedha za serikali ili kila mtoto anayezaliwa apewe rekodi za muziki wa aina hiyo. Ndivyo uvumi unavyopewa miguu. Mama, mwanao ameshaanza kusikia, na sauti inayomfikia vizuri kuliko zote ni yako. Mwimbie. Spika iache mezani.

Niko kidato cha nne, Moshi. Bila Bongo Fleva masikioni sielewi ninachosoma. Baba anasema najidanganya. – Mtahiniwa

Msikilize baba. Maneno ya wimbo na maneno ya kitabu yanagombania nafasi ileile kichwani, na mara nyingi wimbo ndio unaoshinda. Ukinakili noti, ukichora ramani au ukipiga pasi sare, muziki haudhuru, tena unafukuza uvivu. Ukisoma jambo jipya au ukikariri, zima. Kama kimya kinakutisha, weka ala tupu kwa sauti ya chini, kisha uzoee kimya taratibu, maana ndani ya chumba cha mtihani hutapigiwa chochote.

Singeli inaharibu ubongo? – Mzazi, Unga Limited

Hapana. Kinachoharibu ni sauti iliyofunguliwa mpaka mwisho, iwe singeli, iwe kwaya.

Mimi ni konda wa kifodi (daladala), ruti ya Kijenge. Usiku nikilala masikio yanalia "nziii". Ni uchovu tu? – Konda

Si uchovu, mdogo wangu, na nashukuru umeuliza mapema. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Zikichoshwa hulalamika kwa mlio huo, na zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu, kwa wiki nzima. Kama spika ya gari lenu inafika hapo na mnaingia barabarani saa 12 alfajiri, Jumatatu kabla ya chai ya saa 4 umeshamaliza kiasi chako cha wiki. Pamba haisaidii. Tafuta vizibo vya sponji wanavyovaa mafundi wa mashine, hamishia spika mbali na mlango unaposimama, na nenda ukapimwe kliniki ya masikio, pua na koo; hospitali ya KCMC, Moshi, wanayo. Wenye magari wanaodai bila mdundo gari halijai wananikera. Abiria anapanda kwa sababu anakwenda sokoni. Nanyi abiria, semeni "konda, punguza". Nauli mmelipa.

Baa ya jirani inapiga muziki mpaka saa 8 usiku. Mume wangu anasema tutazoea. – Mama wa watatu, Majengo, Moshi

Hamtazoea, dada. Mtaacha tu kuamka. Macho yana kope, masikio hayana. Ukilala, ubongo unaendelea kusikiliza, na besi ikigonga, mapigo ya moyo hupanda hata kama asubuhi hukumbuki lolote. Watoto wanaolala hivyo huamka wakali na darasani hawashiki kitu. Wimbo huohuo ukiupiga mwenyewe jioni ukiosha vyombo unakutuliza, kwa sababu umeuchagua na unaweza kuuzima. Ukipigiwa usiku na mtu usiyeweza kumzuia, ni kelele, hata kama ni wimbo wako wa harusi. Nchi ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa maandishi, majirani kadhaa pamoja, mkiandika tarehe na saa. Asiposikia, pelekeni NEMC, baraza la taifa la mazingira. Na ninayosema kuhusu baa nayasema vilevile kuhusu mikesha ya ibada yenye spika zilizoelekezwa mtaani.

Mama yetu hakumbuki majina yetu, lakini nyimbo za kwaya anaimba beti zote. Anaigiza? – Kifungua mimba, Machame

Haigizi, na naomba msimwambie hivyo tena. Ugonjwa wa kusahau mara nyingi hula majina na siku kwanza, nyimbo za ujanani zikabaki muda mrefu. Muziki hautamponya, ila utawarahisishia siku: mwimbieni mkimwogesha, mkimlisha, akianza kuhangaika jioni. Chagueni nyimbo alizoimba akiwa msichana. Msimwachie redio ikipiga kutwa nzima, itamvuruga. Na je, daktari ameshamwona? Tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 na hata dawa fulani husahaulisha watu, na hayo yana tiba. Msikimbilie kusema ni uzee.

Nimeachwa. Usiku kucha nasikiliza nyimbo za majonzi. Ni vibaya? – Sitaji jina

Kulia na wimbo siku chache ni nafuu. Ukiona kila wimbo unakurudisha kwenye swali lilelile, badilisha, au umwite rafiki mkae naye. Zikipita wiki mbili huli wala hulali, au ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Naendesha bodaboda na spika za masikioni chini ya helmeti, sauti ndogo tu. – Sakina

Vua. Abiria wako hajui kwamba husikii honi ya lori lililo nyuma yenu.