Mchumba Wangu Anataka Usista, Nadhani ni Sinema

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 31, Mkatoliki, nafanya kazi Morogoro. Mchumba wangu ni nesi, ana miaka 26. Posa ilikubaliwa mwaka jana na nusu ya mahari nimeshatoa. Tangu Kwaresima amebadilika, anahudhuria semina za miito, na mwezi uliopita aliniambia harusi isimame kwa sababu anataka kuwa sista. Nina uhakika ni sinema zimemharibu. Tuliangalia wote The Sound of Music, halafu akaipata ile ya zamani, The Nun's Story, ya nesi anayepelekwa Kongo, akawa anairudia rudia. Nikaamua kumwonyesha upande wa pili. Nikamtumia The Magdalene Sisters, kisha The Nun, ajue kuna giza huko. Amekasirika, hapokei simu. Mama yake badala ya kumkanya anamuunga mkono, nahisi anatafuta sifa parokiani. Ni kweli mwaka jana kulikuwa na jambo dogo kati yangu na dada mmoja wa ofisini, ila liliisha na alinisamehe. Je, nimwone paroko amzuie? Au nidai mahari yangu ili familia ishtuke? J., Morogoro.*

Marahaba, J. Pole sana. Anayeachwa kwa ajili ya mwanamume mwingine ana wa kumchukia. Wewe umeachwa kwa ajili ya Mungu, hata wa kumtukana huna. Hilo nimekupa, na pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umewashitaki watengeneza sinema, umemshitaki mama mkwe, unataka na paroko aingizwe kwenye kesi. Kisha pale mwisho, wino ukikaribia kukauka, unamtaja dada wa ofisini, na hukumu yake umeshaitoa mwenyewe: liliisha, alisamehe. Nani kakuambia alisamehe? Yeye, au ukimya wake? Nyani haoni kundule. Posa mwaka jana, huyo dada mwaka huohuo, Kwaresima inapoingia mwenzio anaanza kukaa kimya na kuhudhuria semina. Kalenda uliiandika wewe, mimi nimeisoma tu.

Lakini usiruke upande wa pili ukajiona umemvunja moyo hadi anakimbilia utawani kwa uchungu wako. Hiyo ndiyo hadithi sinema zinayoipenda kuliko zote, binti katendwa, kafunga mlango wa dunia, kengele inalia. Masista wenyewe hawaitaki. Binti anayekuja kwao akilia mwanamume, mlezi mwenye akili humrudisha nyumbani akalie huko kwanza.

Tena sinema unayoilaumu imelisema hilo waziwazi, na wewe ulikuwa umekaa hapohapo unaiangalia. Katika *The Sound of Music* ya mwaka 1965, Maria, msichana wa utawani aliyetumwa kulea watoto wa Kapteni mmoja mjane, anaikimbia nyumba hiyo na kurudi kwa masista kwa sababu ameanza kumpenda Kapteni. Mama Mkuu anafanya nini? Anakataa kumficha. Anamwambia akayakabili, anamrudisha. Ni sinema inayomtoa msichana utawani na kumpeleka altareni na shela, masista wakimsindikiza! Kama sinema ingekuwa na nguvu unayoisema, leo mngekuwa mnachagua ukumbi. Na usianze kujiona wewe ndiye Kapteni. Maria wa kweli alitumwa kutoka abasia (nyumba ya watawa) ya Nonnberg, Salzburg, mwaka 1926 kumfundisha mtoto mmoja mgonjwa, si kundi zima la kuimba nalo milimani. Wakaoana 1927, na baadaye aliandika mwenyewe kwamba siku hiyo hakuwa akimpenda mzee yule. Aliwapenda watoto, na alimtii mkuu wake. Kwenye sinema hilo hawakuliweka.

Tuje kwa hiyo ya nesi, ndiyo iliyonifanya nimpende mchumba wako kabla sijamwona. *The Nun's Story* ni ya 1959, Audrey Hepburn ndani yake, na sehemu yake walikwenda kuipigia picha Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Wewe unaiona tangazo la utawa. Mwanangu, uliiangalia hadi mwisho? Sista Luke ni nesi hodari, na uhodari wake ndio unaomtesa, maana kuna mkuu wake anamshauri aufeli mtihani kwa makusudi ajifunze unyenyekevu. Anapelekwa Kongo, anafanya kazi na daktari asiye na habari na Mungu ambaye anamwambia wazi kwamba hafai kuwa mtawa. Vita vinakuja Ulaya, Wajerumani wanamuua baba yake, anashindwa kusamehe, na anaomba kuondoka. Anavua vazi, anavaa nguo za kiraia, anatoka mlangoni peke yake, hata muziki hawakuuweka. Imetokana na riwaya iliyojengwa juu ya maisha ya Marie Louise Habets, nesi Mbelgiji aliyeacha utawa kweli. Hiyo ndiyo anayoirudia mchumba wako! Msichana aliyedanganywa na nyimbo harudii kuangalia mwenzake akishindwa. Huyo anapima. Anajiuliza kama bega lake litauweza mzigo uliomwangusha yule. Wewe ulikuwa chumba kimoja naye, hukumuuliza anachokitafuta mle.

Badala ya kumuuliza ukamtumia *The Magdalene Sisters*. Hiyo siitupi kando, kwa sababu yaliyomo yalitokea. Nchini Ireland wasichana walifungiwa kwenye nyumba za kufulia zilizoendeshwa na masista, wakafulishwa bila malipo, wakadhalilishwa. Ya mwisho ilifungwa 1996, na serikali ya huko iliomba radhi mwaka 2013. Mkatoliki anayekasirika sinema hiyo ikitajwa akawakasirikie waliofunga milango, si waliopiga picha. Ila wewe umeitumia kwa hila. Wale wasichana hawakuwa wanovisi, yaani mabinti walio kwenye malezi ya usista. Hawakuitwa na yeyote. Walipelekwa na baba zao, ndugu zao na mapadre, kwa sababu mmoja alizaa, mwingine alibakwa, mwingine alionekana mzuri kupita kiasi. Ni sinema juu ya wanawake ambao wengine waliwaamulia maisha yao. Na wewe uliyemtumia ndiye unayeniuliza kama paroko anaweza kumzuia. Umeona?

Hiyo *The Nun* ya 2018 sitaipotezea karatasi. Ni pepo aliyevaa nguo za sista huko Romania. Unamtishia nesi wa miaka 26, anayefumba macho ya marehemu zamu ya usiku, kwa kitu cha kuwapigisha kelele watoto kwenye kibanda umiza?

Tatizo la sinema na masista ni kwamba wana sista wa aina tatu tu, anayeimba, anayepiga watu rula, na mwenye pepo. Sista ninayemjua mimi anafunga hesabu za zahanati tarehe 30, anabishana na fundi wa pampu, anasahihisha madaftari ya kidato cha pili, na saa kumi na moja alfajiri alishakuwa kanisani kabla wewe hujageuka ubavu. Hilo halipigiki picha. Aliyejaribu kupiga picha maisha ya sala yenyewe ni Mjerumani mmoja, Philip Gröning, kwa wamonaki wa Grande Chartreuse kule milima ya Alpi, Ufaransa. Aliomba ruhusa 1984, wakamjibu miaka kama 16 baadaye kwamba sasa wako tayari. Sinema yake inakaribia saa tatu na karibu hakuna anayesema. Wewe ungekoroma dakika ya kumi.

Na jinsi mtu anavyoingia ndiko sinema zinakodanganya zaidi. Huko ni usiku mmoja wa machozi, asubuhi nywele zimekatwa. Mchumba wako ataanza na uaspiranti na upostulanti, hatua za mwanzo za kujaribiwa, kwa muda ambao shirika limepanga. Kisha unovisi, ambao kwa sheria ya Kanisa haupungui miezi 12, na humo anaweza kufungasha akaondoka siku yoyote, nao wanaweza kumwambia hafai. Kisha nadhiri za muda, miaka 3 hadi 6. Ndipo nadhiri za daima. Aliyeingia kwa kulazimishwa, kwa kutishwa au kwa udanganyifu, kuingia kwake ni batili. Piga hesabu: kabla hajafika kwenye nadhiri za daima atakuwa na umri wako wa leo. Nionyeshe harusi moja ya siku hizi iliyopimwa hivyo.

Maana nyinyi watoto wa siku hizi mnaoana kwa kamati. Mwenyekiti yupo, mweka hazina yupo, kundi la WhatsApp la michango lina watu mia mbili, MC ameshalipwa kianzio, sare za akina shangazi zimeshonwa. Bibi harusi mwenyewe hajaulizwa kitu tangu siku ya posa, zaidi ya rangi ya mapambo. Mnakaa kochi moja mnaangalia sinema saa tatu kila Jumapili, mnaita hayo mazungumzo. Siku mmoja akisema lililo moyoni, mwenzake anatafuta mchawi. Zamani somo na mshenga walikuwa wanawachokonoa hadi mseme. Sasa mshenga kazi yake ni kubeba bahasha.

Kuna kisa cha kweli nataka ukijue. Dolores Hart alikuwa mwigizaji wa Hollywood, aliigiza na Elvis Presley mara mbili, 1957 na 1958, na mwaka 1961 akaigiza kama Mtakatifu Klara. Alikuwa na jina, pesa, na mchumba aitwaye Don Robinson. Mwaka 1963, akiwa na miaka 24, aliuvunja uchumba akaingia abasia ya Wabenediktini ya Regina Laudis, Connecticut, familia moja ya kitawa na masista wetu wa Chipole kule Songea. Sinema hazikumpeleka. Alitoka ndani ya sinema zenyewe, akiwa anajua taa zinavyowekwa na machozi yanavyotengenezwa. Don aliumia. Hakwenda kudai chochote, hakuoa, na alikuwa akienda kumtembelea pale abasia hadi alipofariki mwaka 2011. Sikuagizi uwe Don. Oa, zaa, una miaka 31 tu. Nakuonyesha kwamba mwanamume anaweza kuachwa hivyo na akabaki na heshima yake.

Mama mkwe umemwonea. Mama anayetafuta sifa parokiani hupata sifa nyingi zaidi kwa harusi, WAWATA, akina mama Wakatoliki, wakiwa na sare na vigelegele. Binti akienda utawani yeye anapoteza wajukuu na msaada wa mshahara wa nesi, na bado kamwambia mwanawe nenda. Huyo mama namwamini kuliko ninavyokuamini wewe. Na nina wasiwasi kwamba habari za dada wa ofisini anazijua vizuri kuliko nilivyosimuliwa mimi.

Paroko mwache. Kanuni ya 1062 ya sheria ya Kanisa inasema ahadi ya ndoa haimpi mtu haki ya kudai ndoa ifungwe, kwa hiyo hata akikupenda vipi hana cha kumfanya. Mahari usiiguse sasa. Ukiidai ili familia ishtuke, umegeuza mahari kuwa kamba, na kila mtu ataiona. Siku binti akipokelewa rasmi, wazee wako watakaa na wazee wake, watasemezana kwa adabu, kitakachorudi kitarudi.

Wewe kazi yako ni ndogo na chungu. Mwandikie mchumba wako ujumbe mmoja, usio na sinema ndani yake. Mweleze la yule dada lote, pamoja na sehemu ulizoziruka uliponiandikia mimi, umwombe radhi bila kumwomba arudi. Akijibu, mwulize anachokiona katika utawa, kisha nyamaza asikie kwamba unasikiliza. Inawezekana malezi yatagundua kweli anakukimbia wewe, akarudi nyumbani. Akirudi, hajarudi kwako. Utaanza upya kama mwanamume mwingine yeyote, na safari hiyo sitakutetea.

Jumamosi nenda kwa mama yake. Nenda peke yako, bila mshenga, na simu ya ofisini uizime kabla hujapiga hodi.