Povu la dari si asbesto, ila usilibandue kabla hujajua lilichofunika

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili pamoja na majibu ya waliotangulia. Umenunua nyumba iliyokuwa ya kaunsili (serikali ya mtaa) huku Uingereza, Leicester, ya mwaka 1967. Dari ya sebuleni imebandikwa vigae vya povu jeupe, lile linalokuja kwenye boksi la tivii, na shemeji yako kakuambia povu la zamani lote lina asbesto, yale madini ya nyuzi ambayo vumbi lake linaleta saratani. Unataka kulibandua Jumamosi kwa skrepa. Mchangiaji mmoja kakushauri ubandue, ukachome nyuma ya nyumba, yaishe. Umeuliza pia kuhusu paa la nyumba ya wazee Tanga. Nitayajibu yote mawili, nikianza na dari kwa sababu Jumamosi yenyewe ni keshokutwa.

Kuhusu povu shemeji kakosea. Kukutia hofu, hapo kapatia.

Vigae hivyo ni polistairini, plastiki iliyofurishwa ikajaa hewa. Humo ndani hamna nyuzi za asbesto. Hata povu la njano linalopulizwa chini ya mapaa halina. Shida ni kwamba nchi hii povu lilitumika sana kufunika kitu kilichokuwepo kabla yake. Dari za zamani zilipakwa ile plasta nzito yenye michoro, kila mtu anaiita Artex hata kama imetoka kampuni nyingine. Mpaka miaka ya 1980 ilikuwa inachanganywa na asbesto nyeupe (moja ya aina zake), asilimia chache tu, ishikamane na isipasuke. Baadaye mwenye nyumba anaichoka, au anaona joto linapotelea juu, anapaka gundi na kubandika povu. Leo wewe unakuja na skrepa. Gundi haikubali kutoka peke yake, inatoka na Artex.

Najua kwa sababu nimeyafanya haya haya. Nilikuwa na miaka miwili tu hapa, kibarua kwenye kundi la ukarabati Birmingham. Bosi alinipa chumba cha kulala cha juu, vigae vya povu dari nzima, akaniambia nimalize kabla ya saa nane. Ilikuwa Februari, madirisha yamefungwa. Kigae cha kwanza kilitoka kizima. Nyuma yake kulikuwa na matone matano ya gundi ya kahawia, moja kila kona na moja katikati, na kwenye kila tone kumeng'ang'ania kipande cheupe chenye mistari ya nusu duara, kama magamba ya samaki. Nikaona ni plasta tu. Vilivyofuata vilikuwa vinakatika, kwa hiyo nikawa nakwangua kwa nguvu. Baada ya saa moja taa ya chumbani ilikuwa na ukungu.

Akaja mzee mmoja wa plasta, Mwingereza, kuangalia kazi ya kesho yake. Alifika mlangoni akasimama. Hakuingia. Aliuliza kama dari imepimwa, nikamwambia bosi amesema ni plasta. Mzee akageuka akashuka ngazi, na nikamsikia huko chini anagombana na bosi kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kazi ikasimama, chumba kikazibwa kwa nailoni, kipande kikapelekwa maabara. Majibu yakaja: asbesto nyeupe.

Kilichoniuma zaidi nilikikumbuka usiku. Siku ile nilirudi nyumbani na nguo zile zile. Nilikung'uta koti koridoni, na binti yangu wa miaka mitatu akanirukia mlangoni kama kawaida yake. Katika nchi hii wako wanawake waliokufa kwa mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu, ambao hawajawahi kukanyaga kiwandani. Walikuwa wanafua ovaroli za waume zao. Nilikuwa bado sijalijua hilo, nilikuja kulisikia kwenye kozi, na siku hiyo chakula cha mchana hakikupita.

Daktari wangu alinituliza. Alisema mara moja ya vumbi la Artex ni hatari ndogo, wanaougua wengi ni waliokula vumbi miaka na miaka, na akaandika tukio lile kwenye faili langu. Dawa ya kuziondoa nyuzi mapafuni haipo, na ugonjwa wenyewe unaweza kungoja miaka 20 mpaka 50 kabla ya kujitokeza. Alinisisitizia pia niache sigara, maana asbesto na sigara zikikutana, saratani ya mapafu inapata njia ya mkato. Niliacha. Hilo nalihesabu kama faida pekee ya Februari ile.

Wanaosema humu kwamba ni mambo ya kizamani, nawaambia hivi: Uingereza inazika watu kama 5,000 kwa mwaka kwa magonjwa ya asbesto, na madhara yalijulikana mapema sana. Nellie Kershaw, aliyekuwa akisokota nyuzi hizo kiwandani Rochdale, alifariki 1924, na daktari aliyemchunguza akachapisha alichokikuta mapafuni mwake. Kanuni za kwanza zikaja 1931. Lakini asbesto ya bluu na ya kahawia zilipigwa marufuku 1985, na nyeupe ilisubiri mpaka 1999. Ndiyo maana jengo lolote lililojengwa au kukarabatiwa kabla ya 2000 unalichukulia kuwa nayo mpaka ipimwe. Nyumba yako ni ya 1967, piga hesabu mwenyewe.

Sasa mkuu, macho yako yote yako darini kwa sababu povu linaonekana. Mimi ningeanzia kwingine.

Ingia kwenye kabati la boila, ule mtambo wa kupasha maji. Utakuta mabomba yamevalishwa povu la kijivu, yale ya kununua dukani. Povu lenyewe ni salama. Lisukume kidogo tu kwenye kona ya bomba, bila kukwangua, umulike na tochi. Nyumba moja ya umri kama wa kwako nilikuta chini ya povu kuna gamba jeupe limeng'ang'ania bomba, kama ukoko wa ugali uliolala kwenye sufuria. Yalikuwa mabaki ya kihami joto cha zamani. Mtu aliwahi kukibomoa, akaacha palipomshinda, akafunika na povu jipya. Ule ukoko ndio hatari kuliko Artex yote ya dari yako, kwa sababu asbesto yake inaweza kuwa nyingi sana na unapukutika kwa kidole. Ukiona kitu cha hivyo, rudisha povu, funga mlango. Hiyo ni kazi ya kampuni yenye leseni, hakuna mjadala.

Angalia pia ubao wa mlango wa hilo kabati, vibao vya chini ya madirisha, na ubao nyuma ya hita. Kuna ubao wa kuhami joto na moto, wenye asbesto, ambao ukipakwa rangi unafanana kabisa na jipsamu. Jipsamu ina karatasi usoni, ule hauna. Lakini macho si maabara, usije ukauvunja pembe ili uhakikishe. Asbesto yake inaweza kufika asilimia 40, na mara nyingi ni ile ya kahawia. Jina la kitaalamu la hiyo ya kahawia, amosaiti, limetokana na herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza ya "Migodi ya Asbesto ya Afrika Kusini". Huko ndiko ilikochimbwa. Nilipolijua hilo nilibaki nautazama ubao ule kwa muda. Waafrika waliichimba asbesto yake, na sisi wengine tumekuja kuubomoa.

Kwa hiyo Jumamosi weka skrepa kando. Tafuta mkaguzi, aje achukue vipande vya dari na popote anapopatilia shaka, vipimwe kwenye maabara yenye ithibati. Ukiona bei imekushinda, kuna vifurushi vya kujipimia vinavyotumwa kwa posta, lakini wewe vitumie kwa Artex tu, usivitumie kwenye mabomba wala ubao. Barakoa iwe FFP3 (daraja la juu la kuchuja vumbi), na kama una ndevu jua kwamba haitakubana usoni, hewa inapita pembeni. Lowesha sehemu kwa chupa ya kunyunyizia yenye maji na tone la sabuni ya vyombo. Chukua kipande kidogo cha Artex, kama ukubwa wa ukucha, kitie mfuko ndani ya mfuko, futa kwa kitambaa kibichi, ziba pale kwa utepe. Kitambaa nacho kinaingia mfukoni. Usifagie, na usithubutu kuwasha mashine ya nyumbani ya kufyonza vumbi, itazitawanya nyuzi chumba kizima.

Maabara wakisema hakuna, bandua utakavyo. Wakisema ipo, bado si msiba. Artex iliyotulia, isiyokwanguliwa wala kupigwa msasa, haimwui mtu aliyelala chini yake. Watu wengi wanaifunika. Ila povu lako mimi ningetaka litoke kwa sababu nyingine: moto. Vigae vile vikishika moto vinadondoka matone yanayowaka. Basi lipa watu waliofunzwa, wavitoe kwa kulowesha, wapakie mfuko mwekundu ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha, waondoke nao. Piga simu kaunsili yako uulize kama wanapokea taka hizo na kwa utaratibu gani, maana kila kaunsili ina lake. Na yule wa kuchoma: povu likiungua linatoa moshi wa sumu, na asbesto yenyewe haiungui. Iliwekwa majumbani kwa sababu haiungui.

Paa la Tanga. Yale ni mabamba ya saruji, asbesto kama asilimia 10 hadi 15, na saruji inaishika vizuri ikiwa nzima. Umesema kaka yako anataka kulisugua kuvu kwa brashi ya waya kisha alipake rangi. Mwambie asisugue. Kusugua kukavu ndiko kunakozitoa nyuzi. Asipande juu pia, mabamba ya umri huo yanavunjika chini ya mguu bila kutoa ishara. Maji ya mvua ya paa hilo yasiwanyime usingizi, hatari inayojulikana ni ya kuvuta puani. Wakija kuezua, mabamba yafunguliwe misumari yakiwa yamelowa na kushushwa mazima. Yasipondwe kuwa kifusi cha kujazia uani ambako watoto wanacheza, nimeona hilo kwa macho yangu kwa jirani. Na fundi wa dishi akija, mzee amwambie achimbie nguzo uani, asipande na drili.