Jambazi anaaminika, na ulimwengu una miaka mingapi?

SWALI: Ninafundisha darasa la kipaimara hapa Iringa. Tunaandaa kijitabu cha vijana, nami nikaandika: “Wanasayansi wanaamini dunia ina miaka bilioni 13.8, na sisi Wakristo tunaamini Mungu aliiumba kwa siku sita.” Mwenzangu anasema “dunia” hapo ni kosa, niandike “ulimwengu”. Pia anataka niandike “miaka 13.8 bilioni”. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, kama umenizidi umri, shikamoo, kama hukunizidi, marahaba. Mwenzako kapata moja, kakosa moja, nanyi nyote wawili mmemruka nyoka mkidhani ni kamba.

Tuyamalize madogo kwanza. Kiswahili hutaja kinachohesabiwa, kisha ukubwa wa hesabu, kisha idadi yenyewe: shilingi milioni tatu, watu elfu kumi, miaka bilioni kumi na tatu nukta nane. Ile “Sh3 milioni” ni mtindo wa magazeti, tena ni wa macho tu. Sijamsikia mtu akiomba akopeshwe “tatu milioni”. Baki na miaka bilioni 13.8.

Kwenye “dunia” mwenzako amepata. Bilioni 13.8 ni umri wa vyote: nyota, galaksi (yale makundi makubwa ya nyota), na anga lenyewe lililovibeba. Dunia, hii tunayoilima na kuzikwa ndani yake, ni ya juzi, ina miaka bilioni 4.5 na ushei. Ukiipa bilioni 13.8 umemfanya mjukuu kuwa rika la babu. Lakini mwambie mwenzako asivimbe kichwa. Mgawanyo huu, dunia kwa sayari na ulimwengu kwa vyote, ni wa vitabu vya shule. Wahenga waliposema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, hawakuwa na maana kwamba atafunzwa na zile nyota za Kilimia. Na Yohana 3:16, “Mungu aliupenda ulimwengu”, vijana wako wote wanajua ni watu wanaosemwa pale.

Sasa nyoka. “Wanasayansi wanaamini.”

Nimekaa kwenye meza ya uhariri miaka mingi kuliko ninavyopenda kusema, na kitenzi hicho kililetwa mbele yangu kila siku kama mgonjwa asiyepona. Kocha anaamini timu yake itaibuka na ushindi. Wataalamu wanaamini mvua zitachelewa. Wafanyabiashara wanaamini bei itashuka. Polisi wanaamini mtuhumiwa alikuwa na wenzake. Ukisoma ukurasa mzima ungedhani nchi yote iko kwenye mkesha.

Najua kinakotoka. Kinatoka kwenye habari za mashirika ya nje zinazotafsiriwa saa nne usiku na mtu anayewahi daladala. Mwingereza ana neno lake la kuamini ambalo amelitumia mpaka likachakaa. Akilisema, mara nyingi ana maana ya “nadhani” au “nionavyo mimi”. Letu halijachakaa hivyo. Mtafsiri alichukua neno jepesi la watu akalibandika neno zito la kwetu, akaenda zake kulala.

Nenda buchani kesho asubuhi. Mwambie muuza nyama akupimie kilo moja, mchanganyiko. Naye akate pande, alibebe kwenye kiganja, alipandishe na kulishusha mara mbili, atazame juu kidogo, kisha akwambie: “Mzee, mimi naamini hii ni kilo.” Utalipa? Hutalipa. Utamwonyesha mizani ile pale inaning'inia juu ya kichwa chake. Si kwamba unaitilia shaka imani yake. Huenda ni mzee wa kanisa, huenda alifunga juzi. Wewe umeomba kupimiwa. Penye mizani, kitenzi ni kupima. Na kama mizani imeharibika, Kiswahili hakijamnyima neno: aseme anakadiria, maana amekata nyama miaka ishirini na mkono wake una hesabu. Kama ni mgeni wa kazi, anakisia. Kama hajui kabisa ila anakupenda, anabahatisha. Ngazi zote hizo zipo, kila moja na uzito wake, naye kaziruka akasema anaamini. Hapo kilo imetoka kwenye nyama imehamia moyoni mwake, na wewe ukibisha utakuwa unambishia mtu, si uzito.

Kitenzi hiki kikitiwa -ika ndipo kinanipandisha presha kabisa. “Jambazi huyo anaaminika kuvuka mpaka.” Niliikuta sentensi hiyo kwenye habari iliyokwishapita mikono mitatu. Kuaminika kwa Kiswahili ni sifa njema. Fundi cherehani anayekurudishia kitambaa kilichobaki anaaminika. Mweka hazina wa kikoba anaaminika, au aliaminika mpaka Desemba ilipofika. Jambazi haaminiki, ndiyo maana anatafutwa. Nilimwuliza mwandishi: anaaminika na nani, na kama anaaminika kiasi hicho kwa nini hamumkabidhi funguo za benki? Hakucheka. Na siku hizi nasoma “dunia inaaminika kuwa na umri wa miaka bilioni 4.5”, nakumbuka kanga za mama zetu: dunia mti mkavu, kiumbe usiuelemee. Karne zote hizo tumeonywa kwamba dunia haiaminiki; leo katokea mtu wa gazeti kaipa cheti cha tabia njema.

Asili ya neno ni hadithi fupi. Amini, imani, amana, amani, mwaminifu, muumini: ukoo mmoja kutoka Kiarabu, na ile “amina” mnayofungia sala ni binamu yao wa Kiebrania. Wote wanazunguka kumtegemea mtu, kuweka chako mikononi mwake ukaenda kulala usingizi. Waraka kwa Waebrania unasema imani ni “bayana ya mambo yasiyoonekana”. Neno kubwa hilo. Si la kupimia nyama.

Na umri wa dunia ulipimwa. Metali ya urani iliyomo kwenye mawe hugeuka taratibu kuwa risasi (ile metali, si ya bunduki) kwa mwendo unaojulikana: urani ya aina ya 238 huchukua karibu miaka bilioni 4.5 nusu yake kugeuka. Mwaka 1956 Mmarekani Clair Patterson alilinganisha risasi iliyomo kwenye vimondo na ile ya tope la chini ya bahari, akapata miaka bilioni 4.55. Tangu hapo namba hiyo haijasogea sana.

Wa ulimwengu ulisumbua zaidi, na hapa wanasayansi waliwahi kuchekesha. Umri wake hutafutwa kwa kuangalia galaksi zinaachana kwa kasi gani. Kwa vipimo alivyotoa mwanafalaki (mtaalamu wa nyota) Edwin Hubble mwaka 1929, ulimwengu ulitoka na miaka kama bilioni 2, na wapima mawe nao wakawa wanapata mawe ya umri mkubwa zaidi ya huo. Mtoto kamzidi mama yake! Ingekuwa imani, wangeitetea. Kwa kuwa ilikuwa kipimo, waliirudia mizani. Mwaka 1952, kwenye mkutano wa wanafalaki huko Roma, Walter Baade alionyesha kwamba galaksi ziko mbali kama mara mbili ya ilivyodhaniwa, na umri ukapanda. Baadaye zikaja mizani nyingine, na bilioni 13.8 ya leo imetokana hasa na chombo cha anga cha Planck, kilichopima mabaki ya joto la mwanzo yaliyoenea anga zima. Wenyewe huandika pembeni kwamba huenda wamekosea kwa miaka kama milioni 20 huku au kule. Muuza nyama wangu hajawahi kuniandikia pembeni kwamba huenda amekosea gramu ngapi.

Usidhani natetea maabara dhidi ya madhabahu. Mimi naimba besi Jumapili, na huwa nachelewa kuingia, lakini naimba. Ninachosema ni kwamba sentensi yako imepanga mechi: hawa wanaamini, sisi tunaamini. Kijana wa miaka kumi na minne ataona timu mbili na jezi mbili, ataambiwa achague, na mwenye kubisha upande wowote atamjibu “hiyo ni imani yako”. Umemsaidia nani? Mwanasayansi umemnyang'anya mizani, na imani yenyewe umeishusha ikawa makisio ya tarehe.

Wahubiri nao hununua duka hilohilo kupitia mlango wa nyuma. “Sayansi imethibitisha kwamba Mungu aliumba ulimwengu!” Nimesikia hiyo kwenye spika za mikutano ya hadhara mpaka madirisha yakatikisika. Hawa nao wamebadilishana vitenzi. Aliyelijua hilo mapema alikuwa padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianzia kwenye kitu kimoja kidogo, akakiita atomu ya kwanza. Novemba 1951 Papa Pius wa XII, akihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, akayachukua mawazo ya namna hiyo kana kwamba sayansi imekuwa shahidi wa ile “Iwe nuru”. Ungetegemea padri afurahi. Hakufurahi. Kwake nadharia ile ilikuwa nje kabisa ya swali la dini, na hakutaka ipandishwe kizimbani kumshuhudia Mungu. Mwaka uliofuata Papa alizungumza na wanafalaki wa mkutano uleule wa Baade, na jambo lile hakulirudia.

(Jina la “Mlipuko Mkubwa”, ambalo nadharia hiyo ya mwanzo wa ulimwengu huitwa leo, sitaki kulianza. Lilitoka kinywani mwa mwanafalaki Fred Hoyle kwenye redio ya BBC mwaka 1949, naye hakuikubali nadharia hiyo. Sisi tukalitafsiri kwa neno ambalo watoto wetu wanalijua kwa kipindupindu.)

Zimebaki siku sita. Kama ni saa ishirini na nne kila moja, muulize mchungaji wako. Wakristo wenyewe hawajakubaliana. Mimi nina haki ya neno tu. Mwanzo inasema, “Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja.” Mzungu hushangaa jioni kutangulia. Mswahili wa pwani hashangai, kwani kwake siku huanza jua likichwa, na usiku wa Ijumaa ni ule unaokuja kabla ya mchana wa Ijumaa. Ndiyo sababu magazeti hulazimika kuandika “usiku wa kuamkia”. James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh huko Ireland, alichapisha hesabu yake mwaka 1650: ulimwengu ulianza mwaka 4004 kabla ya Kristo, usiku ulipokuwa unaingia kuelekea tarehe 23 Oktoba. Kwa Kiswahili cha Lamu au Unguja unasema usiku wa tarehe 23 na umemaliza. Watu humcheka. Mimi namvulia kofia, kwa sababu hakukaa akaiamini namba: alijumlisha vizazi na miaka ya wafalme, akalinganisha na tarehe za mataifa mengine. Alikadiria. Vifaa vyake ndivyo vilivyokuwa vifupi.

Ila katika sura hiyohiyo jua linaumbwa siku ya nne, na Agostino wa Hippo, Mwafrika wa pande za Algeria ya leo, alishaandika katika karne ya 5 kwamba kujua siku zile zilikuwa za namna gani ni vigumu, pengine haiwezekani. Sura ya pili nayo inasema “Siku ile BWANA Mungu alipoziumba mbingu na nchi”, imezikunja zote sita kwenye moja. Sisi husema “vijana wa siku hizi”, na hakuna anayeuliza kama ni wa Jumanne au wa Jumatano.

Basi andika hivi: “Wanasayansi wamekadiria kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Wakristo tunaamini kwamba Mungu ndiye aliyeuumba.” Weka nukta katikati. “Lakini” usiitie, nakuona mkono unakwenda. Siku sita zipe aya yake, na jioni itangulie asubuhi kama ilivyoandikwa.

Kocha nimemsamehe. Hana mizani, hana urani, na beki wake wa kulia ni majeruhi. Mwacheni aamini.