Geji ya mafuta inadanganya kwenye gari ya kufunuka? Tafuta maji kwanza kabla hujanunua floti

Wadau wenye gari za turubai juu, hii nawaandikia nyie kwanza, maana nimekaa na huu ugonjwa miezi mitatu, hela imenitoka, na mwisho wa siku dawa yake ilikuwa mswaki wa zamani na spirei ya kusafishia soketi za umeme.

Gari yangu ni Eunos Roadster ya 1991, ile ambayo Ulaya inaitwa Mazda MX-5 na Marekani wanaiita Miata, injini ya 1600, tenki lake lita 45. Masika imekolea hapa Dar nikaingia sheli nikaweka lita 30, nawasha gari, mshale unapanda kidogo unagota chini ya robo. Nikashuka nikamwambia kijana wa pampu umeniibia. Yeye ananionyesha namba kwenye mashine, mimi nazidi kupandisha sauti, watu wakajaa. Na kijana hakuwa na kosa hata chembe.

Toka siku hiyo nikaacha kuangalia geji nikawa nahesabu kilomita kichwani, mpaka siku nimempakia mama tunaenda msibani Bagamoyo gari ikatuzimikia Mapinga, tenki kavu. Bodaboda akatufuatia petroli kwenye dumu, tunafika watu wanarudi kutoka makaburini. Hilo liliniuma sana na ndilo lililonifanya nikae chini nijifunze hii kitu vizuri, kwa sababu fundi wa kwanza alikuwa ameshaniambia geji imekufa dashibodi ishuke, wa pili akaniuzia floti ya mtumba (floti ni kile kifaa kinachoelea ndani ya tenki na kuiambia geji mafuta yako kiasi gani), akaifunga, mshale uleule. Hakuna hata mmoja aliyepima.

Kupima kwenyewe ni hivi. Kwanza angalia mishale mingine, kama wa temperecha na mwingine inafanya kazi basi fyuzi ya mita ni nzima, usihangaike nayo. Halafu nenda kwenye tenki. Kwenye Roadster tenki liko nyuma ya viti, unafunua kapeti ya lile jukwaa chini ya kioo cha nyuma unakuta kibati kimefungwa kwa skrubu, chini yake ndio kuna pampu, floti na plagi ya waya. Kabla hujafungua kibati fungua milango, funua turubai hewa ipite, hakuna sigara, hakuna taa ya balbu ya kuchomeka, na chomoa betri (kwenye hii gari betri iko buti) uirudishe tu pale unapotaka kupima na umeshaangalia kwamba hakuna petroli imevuja wala harufu kali. Naomba msilichukulie hili poa, mvuke wa petroli unashika moto haraka kuliko petroli yenyewe.

Chomoa plagi, washa swichi bila kuwasha injini. Mshale unatakiwa ulale E. Sasa chukua kipande cha waya, gusisha waya unaoenda kwenye geji na bodi ya gari, yaani unaupa ethi. Mshale unatakiwa upande taratibu mpaka F, usiwe na haraka maana geji za zamani hizi ni nzito, na ukishafika toa waya usiache ugande pale. Ukipanda hivyo, geji yako nzima na waya wa kwenda mbele ni mzima, ukimuona mtu anataka kushusha dashibodi mkatalie. Usipopanda kabisa, hapo ndio waya umekatika njiani au geji kweli imekufa.

Angalizo: kuna magari yanaenda kinyume, ukiupa waya ethi mshale unalala E, na gari za kisasa geji inapitia kompyuta, hizo usizigusishe gusishe waya, weka mashine ya daignosisi. Na kama una BMW E46 ya kufunuka, tenki lake limekaa kama tandiko la punda, huku na huku ya propela shafti, lina floti mbili, kwa hiyo moja ikifa geji inakusomea mambo ya ajabu wakati nyingine ni nzima.

Nikarudi kwangu. Nimechomeka waya kwa nyuma ya plagi, mshale ukaenda F. Nikasema sawa, basi ni floti. Nikaweka mita ya kupimia umeme kwenye pini za floti, namimina petroli lita tano tano, omu (kipimo cha kizuizi cha umeme) zinashuka vizuri kila nikimimina, hazirukiruki. Floti nzima! Nilikaa pale nyuma ya kiti nimechoka, geji nzima, floti nzima, ukiziunganisha hazielewani. Ndipo nikajaribu tena, safari hii waya nikauchomeka mbele ya plagi, kwenye kile kibati kidogo cha shaba kinachoshika pini. Mshale ukapanda mpaka robo ukasimama. Nikamulika na tochi, nikaona ndani ya kitundu kimoja kuna ukungu wa kijani, kama ule wa kwenye sufuria ya shaba ya zamani, umejaa mpaka shaba haionekani.

Ule ukungu unazuia umeme, na geji ikiona kizuizi kimeongezeka inadhani mafuta yameisha. Kwa hiyo kwenye Roadster geji inayosoma chini kuliko mafuta yaliyopo, shuku plagi na ethi kwanza. Inayogandia pale pale siku zote ndio ushuku floti imekwama.

Na maji yalifikaje pale? Hapa ndio utofauti wa gari zetu. Maji yanayotiririka kwenye turubai yanakusanywa nyuma yanashuka kwenye vitundu viwili, kimoja nyuma ya kila kiti karibu na nguzo ya mkanda, yanatokea chini ya gari. Mimi napaki chini ya mwarobaini. Vijani vyake vilikuwa vimeziba vitundu vyote viwili, maji yanafurika yanaingia chini ya kapeti, na kapeti ukiigusa juu unaona kavu ila sponji ya chini unaikamua.

Nikapiga spirei, nikasugua kwa mswaki, nikakibana kile kibati kwa sindano kishike pini vizuri, nikapaka grisi ya umeme kidogo. Kibati cha juu kirudishe na raba yake, ndicho kinachozuia harufu ya petroli isiingie mnapokaa. Vitundu nilizibua kwa mrija laini, msitumie waya mgumu unatoboa mpira. Ukimaliza mimina kikombe cha maji kila upande uchungulie chini, lazima yatoke kote kuwili. Mimi sasa hivi hiyo ya kikombe nafanya kila mwezi, na masika kila wiki.

Siku hiyo hiyo nilienda sheli ileile nikajaza mpaka bomba likakata lenyewe, mshale ukalala juu ya F. Yule kijana alikuwa zamu. Nikamuomba msamaha mbele ya wenzake, akanishika mkono akasema yameisha kaka, halafu akaniuliza hiyo plagi inakaa wapi.