Kiu haikatiki na baba ana kisukari: nenda ukapime
Mdogo wangu wa Mbagala, unasema unaamka usiku kukojoa kila mara, kiu haikatiki, suruali zinakulegea, na baba yako ana kisukari. Unauliza usubiri kwanza joto la Dar lipungue. Usisubiri. Joto huleta kiu, sawa, lakini mtu anayetoka jasho jingi hukojoa kidogo, si zaidi. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, pamoja na huko kukonda.

Kupima sukari ni tone la damu kidoleni, hata zahanati ya mtaani wanapima. Nenda kesho asubuhi kabla ya chai, uwe hujala kwa saa 8. Maji matupu ruksa. Ikisoma 7.0 au zaidi kwa kipimo cha mmol/L, fika Hospitali ya Temeke wakarudie kwa kipimo cha maabara. Mweleze daktari habari za baba: alianza akiwa na umri gani, anatumia vidonge au sindano. Kurithi huongeza uwezekano tu, na dawa zipo.

Ukianza kutapika, tumbo kuuma au kuhema kwa kasi, usingoje kuche. Panda bajaji usiku huohuo.