Ukishusha pikapu ya zamani, iachie springi nafasi ya kucheza

Jumamosi moja mwaka jana nililala chali chini ya Chevrolet C10 yangu ya 1985, tochi mdomoni, nikikitazama kipande cha raba kinachotosha kwenye kiganja. Kazi ya raba ile ni kupokea kishindo siku tairi ikitumbukia kwenye shimo kubwa, yaani mara moja moja sana. Yangu ilikuwa imepasuka katikati, na chuma kilichokuwa kinaigonga kiling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Hapo nikaelewa kwa nini mke wangu alikuwa akishika kiuno kila tukirudi kanisani. Pikapu haikuwa inabebwa na springi tena, ilikuwa inatembea juu ya raba.

Naishi Houston, na vijana wetu wengi hapa Texas wamezipenda hizi pikapu kubwa zenye bodi ya kona kona, zile Chevrolet na GMC za 1973 hadi 1987. Wakiiona yangu imekaa chini wanauliza: mzee, umeshusha inchi ngapi? Mimi nawajibu kwa swali lingine: tairi ina inchi ngapi za kupanda kabla chuma hakijagonga chuma? Hiyo namba ya pili ndiyo inayoamua kama utaliendesha gari lako au utaliegesha tu watu wapige picha.

Kwanza hakikisha una gari gani. C kwenye jina maana yake nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma peke yake, K inavuta yote manne. Ninayoeleza ni ya C, ambayo mbele kila tairi inajitegemea, ina mikono miwili, wa juu na wa chini, na springi ya duara katikati. K ina ekseli nzima mbele, hayo ni mambo mengine kabisa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukubali springi za mbele zikatwe. Fundi mmoja aliniambia ni kazi ya saa mbili, akakata pete moja na nusu kila upande, gari likashuka, nikafurahi. Hakuniambia, nami sikuuliza, kwamba springi ukiifupisha inakuwa ngumu zaidi, na wakati huohuo ule umbali wa kujibonyeza umeshaula. Ugumu umeongezeka, nafasi imepungua, kwa hiyo kila tuta la barabarani linakufikia mgongoni. Zaidi ya hapo, mikono ilibaki imenyanyuka muda wote, tairi zikalalia ndani. Katika miezi michache upande wa ndani wa tairi zote mbili ulikuwa umebaki upara na upande wa nje bado una meno mazima. Na kama kuna anayekushauri uipashe springi moto kwa gesi mpaka ilale, kataa katakata. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa makusudi. Ukikichoma upya unakiharibu, na huwezi kujua kitavunjika lini.

Dawa ya mbele ni spindo. Hiki ndicho kipande kinachounganisha boljointi (kiungo cha mwisho wa mkono) ya juu na ya chini, na ndicho kilichobeba tairi. Spindo za kushushia zimetengenezwa na kile kijiti cha kubebea bearing kikiwa kimehamishwa juu, mara nyingi inchi 2.5. Tazama uzuri wake: mkono wa juu, mkono wa chini na springi vinabaki pale pale walipoviweka wahandisi, tairi ndiyo inayopanda. Gari limeshuka zaidi ya sentimita 6 na springi haijapoteza hata milimita ya mchezo wake. Mimi niliweka spindo za inchi 2.5 pamoja na springi mpya zilizotengenezwa fupi kwa inchi 1. Jumla 3.5, nikaishia hapo.

Kabla hujalipia spindo, pima unene wa diski zako za breki. Pikapu hizi zilitoka na diski za unene wa inchi 1 au inchi 1.25, na spindo zinauzwa kwa kufuata unene huo. Halafu jaribu rimu yako kwa mkono, uizungushe mzunguko mzima kabla hujakaza chochote, maana tairi ikipanda, rimu ndogo inasogelea boljointi na tairodi, kile chuma kinachoikata tairi unapozungusha usukani.

Kuhusu kuitoa springi ya mbele, nakuomba unisikilize kama kaka yako. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Gari likae juu ya stendi imara, usilitegemee jeki hata kwa dakika moja. Mkono wa chini uwekewe jeki yake, na mnyororo upitishwe kwenye springi ufungwe kwenye chesisi. Nati ya boljointi usiitoe yote. Ilegeze, iache imeshika kwenye meno machache, ndipo ugonge mpaka boljointi iachie. Ikiachia, nati itaudaka mkono usiruke. Baada ya hapo teremsha jeki polepole huku umesimama pembeni.

Nyuma ndiko kwenye kazi. C10 ya miaka hii ina springi za mabamba, na ekseli imekaa chini yake. Njia inayotumika sana ni kuihamisha ekseli ikae juu ya mabamba, na gari linashuka inchi 5 hadi 6 kwa mara moja. Springi ni ile ile, uwezo wake wa kubeba ni ule ule. Lakini ekseli sasa imesogea karibu kabisa na chesisi, na ukipakia mzigo itaigonga. Kwa hiyo chesisi inakatwa nusu duara juu ya ekseli, kisha panafungwa bamba nene la chuma la kurudisha nguvu iliyoondolewa. Wengi wanahamisha ekseli na kuacha kukata, eti gari halibebi kitu. Pikapu isiyobeba kitu mimi siijui. Yangu inabeba viti vya harusi, masufuria ya pilau ya msibani, na makochi ya kila mgeni anayehama fleti. Kata chesisi. Kama hujui kuchomelea vizuri, ziko seti za kufunga kwa boliti, na usione aibu kumwita anayejua.

Ukishahamisha ekseli, angalia propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma. Difu, yaani kile kibuyu cha gia katikati ya ekseli, ikikaa kwa pembe tofauti na ile ya mwanzo, krosi, vile viungo vya propela, zinalalamika, na utausikia mtetemo kwenye kiti ukifika mwendo wa barabara kuu. Pima pembe ya difu kabla hujafungua kitu, iandike ukutani kwa chaki, kisha uirudishe kwa vipande vya kabari kati ya ekseli na springi kama imebadilika. Shokapu nazo zinunuliwe fupi. Ya zamani itafika mwisho wa ndani kabla ya springi, ipasuke. Yuboliti, zile boliti za umbo la U zinazobana ekseli kwenye springi, weka mpya, usirudishe za zamani, na uzikaze tena baada ya siku chache za kutembea.

Kuna jambo moja dogo ambalo limewaharibia wengi bushi. Boliti zinazopita kwenye bushi za raba, za mikono na za macho ya springi, usizikaze gari likiwa linaning'inia. Zishike tu, shusha gari mpaka tairi zikanyage chini, lisukesuke litulie, ndipo uingie chini ukaze. Ukizikaza juu kwa juu, raba inabaki imesokotwa kila siku ya maisha yake, na itachanika mapema.

Kipimo changu cha nafasi ni udongo wa kuchezea wa mwanangu. Nabandika donge la inchi moja na nusu juu ya kila raba ya kuzuia, naendesha njia ninazopita kila siku, narudi naangalia. Donge likiwa zima, safi. Likibaki bapa kama chapati, gari liko chini mno kwa barabara zako, hata kama machoni linapendeza.

Kipimo cha pili kinatoka California, ambako sheria ya barabara, kifungu cha 24008, inakataza kulishusha gari mpaka sehemu yake yoyote, ukiacha magurudumu, iwe karibu na lami kuliko ukingo wa chini wa rimu. Hata ukiishi kwingine, ifuate, kwa sababu inalinda uhai. Tairi ikipasuka, rimu ndiyo inayotakiwa kugusa lami, siyo mkono wa chini wala bomba la breki. Vuta uzi kutoka chini ya rimu moja hadi nyingine, uone kama kuna kitu kinaugusa. Hapa Texas, tangu Januari 2025 ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari binafsi umefutwa, kwa hiyo hakuna mtu mwingine atakayelala chini ya gari lako akaliona hilo.

Alaimenti, yaani kunyoosha tairi, ipigwe na mtu anayezijua pikapu za zamani, anayejua kuongeza na kupunguza zile shimu, vibati vyembamba, kwenye mkono wa juu. Mwambie mapema ni gari gani, la sivyo atalikodolea macho. Na taa msizisahau. Mimi nilishusha nyuma inchi 2 zaidi ya mbele. Umbali kati ya tairi ya mbele na ya nyuma kwenye pikapu yenye bodi fupi ni inchi 117.5, na ukipiga hesabu, mwanga unapanda karibu mita 1.7 kwa kila mita 100. Unawamulika machoni wanaokuja mbele yako. Skrubu za taa zipo, zirekebishe usiku huohuo.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi, nikapakia viti 40 vya kukunja na meza 6. Kabla ya kuondoka nilibandika udongo mpya nyuma. Nilipofika ukumbini niliingia chini na nguo zangu za sherehe, mke wangu amesimama ananishikia koti. Donge la kushoto lilikuwa zima. La kulia lilikuwa limebonyea kidogo tu juu, kama mtu aliyegusa kwa kidole gumba.