Kijasusi, kiintelijensia, na hiyo changamoto

SWALI: Mwalimu, natafsiri ripoti ya Marekani ya mwaka 2000. Nimeandika: "tathmini ya kiintelijensia kuhusu changamoto ya magonjwa ya kuambukiza kwa usalama wa taifa". Mwenzangu ofisini anashikilia "kijasusi". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

JIBU: Mwenzako. Jasusi tumempata kwa Waarabu, yuko pwani hii tangu zamani, na waliotoa ripoti hiyo, Baraza la Taifa la Ujasusi la Marekani, kazi yao ndiyo hiyo. Hilo limekwisha.

Kinachonikera ni kwamba mmegombea kijasusi ninyi wawili, mkaiacha "changamoto" imeketi katikati ya sentensi bila kuguswa. Changamoto ni jamaa ya changamka na changamsha. Ni jambo linalokutia ari ukaze mkono: shindano, fumbo, mtihani mgumu. Siku hizi imekuwa kifuniko cha kila chungu.

Juzi daladala ya Pongwe ilipasuka tairi nami nimo. Konda akashuka, akatazama mpira uliochanika hadi waya ziko nje, akatutangazia: "Abiria wangu, tumepata changamoto ya tairi." Changamoto! Tairi limepasuka. Kitenzi kipo, kifupi, kila mtoto wa Tanga anakijua, na mlio wenyewe tuliusikia sote. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akauliza, "Kwa hiyo tunashuka au hatushuki?" Alikuwa na haki ya kuuliza, maana konda hakumwambia kitu. Tairi likipasuka, unashuka. Likipungua upepo, unavumilia hadi kwa fundi. Likipata changamoto, unabaki kwenye kiti unatazamana na jirani.

Konda nimemsamehe, alikuwa na jua la utosi na watu wa kurudishia nauli. Nisiowasamehe ni waandishi. Mwaka 2021, UVIKO-19 ikituzika, tulisoma habari za misiba zenye "changamoto ya upumuaji". Mtu kakosa pumzi hadi kafa, nasi tunamwandika kana kwamba alikuwa kwenye mashindano ya kupiga mbizi.

Sasa rudi kwenye ripoti yako. Inasema tangu 1973 magonjwa 20 yaliyokuwa yakijulikana, yakiwamo kifua kikuu, malaria na kipindupindu, yamerudi au yameenea upya, na vimelea visivyopungua 30 ambavyo havikujulikana kabla vimetambuliwa, vikiwamo virusi vya UKIMWI na vya Ebola. Inasema magonjwa hayo yatahatarisha raia wa Marekani kwao na ng'ambo, askari wake walio nje, na yatatikisa nchi ambazo Marekani ina maslahi nazo. Yupo mwenye kutishia, yupo mwenye kutishiwa. Hilo ni tishio, bwana.

Na watu wa kazi ile hawamwagi maneno ovyo. Muhtasari wa tathmini yao ya 2021 kuhusu asili ya UVIKO-19 ulisema idara nne pamoja na baraza hilohilo zinaona, kwa uhakika mdogo, kuwa maambukizi ya kwanza yaelekea yalitoka kwa mnyama. Idara moja, kwa uhakika wa kati, ikaelekeza kidole kwenye maabara. Mdogo, wa kati: kila neno lina uzito wake. Wewe unataka kumpelekea msomaji wako neno ambalo konda analitumia kwa tairi.

Andika hivi: "tathmini ya kijasusi kuhusu tishio la magonjwa ya kuambukiza kwa usalama wa taifa".

Ama hiyo "kiintelijensia", siipendi hata kidogo. Lakini polisi wetu wakizuia mkutano husema wana "taarifa za kiintelijensia", magazeti yakadaka, na haitoki tena. Ukikutana nayo, ipishe. Mimi sina nguvu za kubishana na watu wenye taarifa.